Kirikuu Kilichonyamazishwa

Kila asubuhi, Safina ndiye aliyeondoa jiwe. Lilikuwa jiwe jeusi, kubwa kama boga, lililokaa chini ya gurudumu la kirikuu cha baba yake usiku kucha ili gari hilo dogo la mizigo lisiserereke. Safina alilivuta pembeni kwa mikono miwili, akafungua lango la mabati, na baba yake, Shomari, akatoka kwenda kutafuta riziki. Siku nyingine alibeba mahindi, siku nyingine mbao, na mara nyingi magunia ya dagaa kutoka mwaloni, hapo kwao Guta kando ya ziwa, kwenda sokoni Bunda.

Jioni Shomari aliporudi, aliingia uani na kusimama mahali palepale, hatua mbili kabla ya pipa la maji. Hakuwahi kukosea. Mama Safina, jina lake Shani, alikuwa akisema kwamba mumewe angeweza kuliegesha gari hilo akiwa amefumba macho.

Lakini kwa wiki mbili sasa gari lilikuwa likilia. Kila Shomari alipokanyaga breki, gurudumu la mbele upande wa kushoto lilitoa mlio mwembamba na mkali, kama sufuria inayokwanguliwa kwa kisu. Kuku walitawanyika. Shomari naye alinyoosha mkono akaongeza sauti ya redio.

Jumanne jioni Safina alikuwa akiosha vyombo aliposikia wazazi wake wakizungumza.

"Baba Safina, hilo gari lako limemwamsha mtoto wa jirani tena," alisema Shani.

"Nimelisikia. Breki zimeanza kuisha. Nilikuwa nasubiri mwisho wa mwezi." Shomari alivua viatu. "Likiendelea kulia hivi mpaka Ijumaa, nitawaambia walimu watafute gari lingine la kubebea ngoma."

Sahani ilimteleza Safina ikarudi ndani ya maji.

Jumamosi ile kikundi cha ngoma cha shule yao kilikuwa kiende Butiama kushindana na shule nyingine. Safina, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyepiga ngoma kubwa. Mwaka uliopita walikosa gari la kubebea ngoma. Wakaazima ngoma za wenyeji, ngozi zikiwa zimelegea kama godoro la zamani, wakashika nafasi ya mwisho. Watoto wa shule nyingine waliwaita "wapiga magodoro" mpaka walipopanda basi. Mwaka huu Shomari alikuwa amejitolea kubeba ngoma bure, shule ichangie petroli tu. Hapakuwa na gari lingine.

Kesho yake shuleni, Safina alimweleza rafiki yake Dotto, ambaye baba yake alichuuza samaki kwa baiskeli.

"Likilia si ulipake mafuta?" alisema Dotto. "Baba huwaga anapaka mnyororo wa baiskeli mafuta ya sangara. Hata bawaba za mlango. Hausikii kitu tena."

"Na gari je?"

"Gari si chuma kama baiskeli?"

Siku hiyo Dotto alileta mafuta ya sangara nusu chupa. Saa kumi, Shomari alipokuwa msikitini kwa sala ya alasiri na gari likiwa uani, Safina alifunga kitambaa kwenye kijiti, akakichovya kwenye mafuta, akakipenyeza katika matundu ya gurudumu. Alipaka sahani ya chuma iliyong'aa mle ndani, akapaka na vile vibao viwili vilivyoibana. Alipaka mpaka chupa ikakauka.

Gari lilinyamaza.

"Umeona?" Shomari alimwambia mkewe jioni ile. "Limejiponya lenyewe."

Paka watatu walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya gurudumu, wakilinusa kwa heshima zote.

"Na wageni wako je?" aliuliza Shani.

"Hao wamefuata dagaa. Leo nilibeba magunia kumi na mbili."

Safina alicheka pamoja nao, kisha akaenda kuificha chupa tupu.

Alhamisi jioni alifungua lango kama kawaida. Baba yake aliingia polepole, akafika mahali pake, na gari halikusimama. Liliteleza, likavuta upande wa kulia, likaligonga pipa la maji. Pipa lilianguka, maji yakatapakaa ua mzima, na paka wakaruka ukutani.

Shomari hakushuka. Alikaa na mikono yote miwili juu ya usukani, akitazama mbele.

"Umesinzia?" Shani alimuuliza, akijaribu kufanya utani.

"Ni mguu," alisema Shomari. "Nimekanyaga, lakini nadhani sikukanyaga sawasawa. Labda nimeanza kuzeeka, Mama Safina."

Alishuka, akasimama kwenye matope, akawa anaukanyagisha mguu wake wa kulia chini, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayejaribu kiatu dukani. Kisha akaiweka sawa ndoo aliyoikuta imelala, akamwambia Safina, "Pole mwanangu, najua umeyachota mbali maji haya."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma Safina. Wakati wa kula, alikuwa akifinyanga tonge lilelile. Alijua kwamba akisema, gari litakwenda kwa fundi na safari ya Butiama itakufa. Asiposema, keshokutwa baba yake atashuka na gari lile kwenye mteremko mrefu kabla ya Nyamuswa, akidhani kosa ni la mguu wake. Alimtazama. Shomari alikuwa ameacha kula, anaukanda mguu mzima kabisa usio na ugonjwa wowote.

"Baba," alisema Safina, "si mguu wako."

Akaeleza yote, tangu ile sahani iliyomteleza hadi chupa ilipokauka. Hakumtaja Dotto. Shomari alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akainuka, akaenda kuchutama kando ya gurudumu, akanusa.

"Mafuta ya nini haya?"

"Ya sangara."

Shani alijifunika uso kwa upande wa kanga. Shomari alilivuta lile jiwe jeusi akaliweka chini ya gurudumu, akatafuta na jingine la upande wa pili.

"Gari hili halitoki hapa," alisema. "Nitampigia Fundi Rhobi simu. Kesho asubuhi utamweleza wewe mwenyewe, kwa kinywa chako."

Fundi Rhobi alifika mapema kwa bodaboda, mfuko wa spana ukining'inia begani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye mikono mikubwa na maneno ya mzaha. Aliweka jeki, akafungua gurudumu, akasita.

"Shomari, siku hizi unakaangia samaki humu?"

"Shikamoo, Fundi," alisema Safina. "Ni mimi niliyepaka mafuta. Nilitaka lisilie, tuende Butiama."

Rhobi aliweka spana chini. "Marahaba. Sogea hapa, basi, uone ulichokifanya."

Alimwonyesha vile vibao viwili. Vinaitwa pedi, alisema, na kazi yake ni kuibana hiyo sahani, yaani disiki, mpaka gurudumu lisimame. Ukipaka mafuta, pedi zinateleza tu. Pedi hizi zilikuwa zimebaki nyembamba kama ukucha, na moja ilikuwa imeisha kabisa.

"Unakiona hiki kiulimi cha chuma? Kimewekwa makusudi. Pedi zikikaribia kuisha, kinagusa disiki kinalia, ili dereva ajue. Gari halikuwa linasumbua, mwanangu. Lilikuwa linaita."

Safina aliinamisha kichwa.

"Na wewe mkubwa usitazame pembeni," Rhobi alimgeukia Shomari. "Ungekuja wiki mbili zilizopita, ningekubadilishia pedi kwa elfu arobaini, na ufundi elfu kumi na tano, basi. Sasa chuma kimeila disiki, ona michirizi hii. Disiki zote mbili, hii na ya kulia, zipelekwe Musoma zikachongwe kwenye mashine ili zilingane. Hapo weka elfu ishirini nyingine."

"Sabini na tano," alisema Shomari taratibu. "Mimi nina arobaini na tano."

Kichwani mwa Safina ngoma za Butiama zilinyamaza, moja baada ya nyingine.

Shomari alifungua mlango wa gari, akainama. Walisikia bisibisi ikizunguka. Aliporudi alikuwa ameshika redio, nyaya zikining'inia kama mizizi.

"Ulinisumbua mwaka jana nikuuzie hii. Kwa elfu thelathini unaichukua?"

"Naichukua," alisema Rhobi. "Lakini wewe redio hiyo uliipenda kuliko mkeo."

"Mimi nipo hapa nasikia," alisema Shani.

Shomari alicheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Kisha akachutama mbele ya binti yake. "Safina, ulilolifanya lingeweza kuniua mimi na watu wa barabarani. Usilirudie. Lakini ukweli ni ukweli. Wewe uliuziba mlio kwa mafuta, na mimi niliuziba kwa redio. Tofauti ni kwamba wewe umesema kabla ya mteremko."

Siku ile kila mtu alikuwa na kazi. Shomari alipanda basi kwenda Musoma na disiki zake zikiwa kwenye kiroba. Twalha, muuza vipuri wa huko, aliposikia habari ya mashindano, alimtoa mtu wake akamsindikize kwa mchongaji ili asipange foleni. Shuleni, Safina alimweleza Mwalimu Petronila, mwalimu wao wa ngoma, ukweli wote. Mwalimu alikuna kichwa kwa kalamu, akasema, "Kesho tutawasubiri mpaka saa mbili kamili. Zaidi ya hapo siwezi, Safina." Hakumkemea.

Baada ya masomo, Rhobi alimpa Safina brashi, beseni na sabuni ya unga. Sehemu za ndani, ambazo ni kazi ya fundi, alikuwa amekwisha kuzisafisha mwenyewe kwa petroli. Gurudumu lilibaki kwa Safina.

"Sugua mpaka paka apite bila kugeuza shingo," alisema. "Akigeuza, anza upya."

Safina alikuwa ameanza upya mara mbili Dotto alipotokea langoni, anajikunakuna mkono. "Mafuta nilileta mimi," alisema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Rhobi alimrushia brashi ya pili. Mara ya nne paka alipita, akatazama mbele, akaenda zake, na watoto wale wakakumbatiana na mapovu yao.

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Shomari aliporudi. Rhobi alifunga disiki, akafunga pedi mpya, akaliendesha gari nje na kulirudisha. Lilisimama hatua mbili kabla ya pipa, kimya.

Saa moja na nusu asubuhi ya Jumamosi ngoma zilikuwa zimepakiwa, ile kubwa nyuma kabisa, imefungwa kwa kamba. Wenzao walitangulia kwa basi dogo pamoja na Mwalimu Petronila. Safina alikaa mbele na baba yake, mahali pa redio pakiwa tundu jeusi. Walizungumza njia nzima, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya redio ilipokuwapo.

Katikati ya ule mteremko kabla ya Nyamuswa, kundi la ng'ombe lilikuwa linamalizia kuvuka. Shomari alikuwa amekwisha kupunguza mwendo. Ndipo ndama mmoja aliyebaki nyuma alipochomoka kichakani, na mtoto mchungaji akamfuata mbio bila kutazama barabara.

Shomari alikanyaga.

Gari lilisimama. Halikulia, halikuvuta kulia wala kushoto. Nyuma, ngoma kubwa iligonga ubao mara moja, *du*, kisha kukawa kimya. Yule mtoto alikuwa hatua mbili kutoka kwenye taa, amemkumbatia ndama wake shingoni, macho yamemtoka. Shomari alimpungia mkono apite salama. Mtoto naye akainua fimbo yake kushukuru.

Shomari aliushika usukani kwa muda, kisha akautazama mguu wake wa kulia.

"Mguu mzima huu," alisema.

"Mzima kabisa, Baba," alisema Safina, huku akicheka na machozi yakimtoka.

Butiama hakuna aliyetamka neno godoro. Safina alipoipiga ngoma kubwa mara ya kwanza, watu waliokuwa wakinunua miwa ng'ambo ya uwanja waligeuka. Dotto alirukaruka na njuga zake mpaka vumbi likamfika kiunoni. Majaji walipotangaza mshindi wa tatu, kisha wa pili, watoto wa Guta walikuwa wameshikana mikono hata vidole vinauma. Wa kwanza walikuwa wao. Zawadi ilikuwa beberu mweupe. Mwalimu Petronila alipokea kamba, akaangaliana na beberu, akamkabidhi Shomari.

Hivyo beberu alisafiri katikati ya ngoma, akalala kwa kina Safina akisubiri karamu ya Jumatatu shuleni. Jioni ile Fundi Rhobi alipita kuulizia habari, akakuta wamekaa uani wanakunywa chai, wakimweleza Shani habari ya ndama kwa mara ya tatu. Beberu alianza kupiga kelele nyuma ya nyumba.

"Huyo naye," alisema Shani. "Mtupieni majani anyamaze."

Safina alikuwa amekwisha kuinuka. Alichukua tochi, akaenda, akamkuta beberu amejizungushia kamba mguuni mpaka imemkaza. Aliifungua, akamkanda mguu. Beberu akanyamaza mwenyewe.

Aliporudi na kueleza alichokikuta, Rhobi aliweka kikombe chini.

"Sikieni, wakubwa kwa wadogo," alisema. "Kitu kikilia, kimeona jambo kabla yako. Ukikiziba mdomo, jambo linabaki palepale, na bei yake inapanda kila siku. Nenda kaangalie mapema. Na kama umekwisha kukosea, sema mapema pia, maana ukweli nao ni breki: unafaa ukikanyagwa kabla ya kugonga."

Shomari alimsogezea binti yake kipande kikubwa cha muhogo. Safina alikila chote. Kisha akaenda kuliweka jiwe lake jeusi chini ya gurudumu, na paka wa jirani akapita kando yake bila kugeuza shingo.