Mume wa Diwani na Foleni ya Zahanati

Ndugu zangu, wakubwa shikamooni, na wadogo nisikilizeni kwanza kabla hamjaanza kubisha. Mimi ni dobi. Meza yangu ya kupigia pasi iko dirishani, na dirisha langu linatazamana na sebule ya diwani wetu, kwa hiyo ya kule nayaona hata nisipotaka. Wengine wanauita umbeya. Mimi nauita ujirani.

Ilikuwa nyumba ya amani. Asubuhi diwani alifagia uwanja kwa mkono wake, na mumewe, ambaye ni fundi viatu, akachemsha chai. Kisha walikaa kizingitini wakinywa na kutaniana.

"Mheshimiwa," mume alimwambia, "mimi mpiga kura wako nina malalamiko. Chai hii haina sukari."

"Malalamiko yametupwa," mke alijibu. "Daktari alishakwambia sukari ni adui yako. Kunywa hivyo hivyo, baba."

Wakacheka. Lakini chai haikupata kupoa kabla geti halijagongwa, na likishagongwa ndiyo basi tena. Benchi la sebuleni lilijaa watu. Huyu bomba la mtaani kwake limekauka, yule mtaro umeziba na maji machafu yanamwingilia chumbani, wale mgambo wamewamwagia matunda yao kituo cha mabasi. Shida hizo ni za kweli na ni kazi ya diwani, sina neno. Ila jamani, wapo waliokuja kushtaki jogoo wa jirani anawika mapema! Yupo kijana aliyetaka diwani akamwombee msamaha kwa mchumba wake. Na mvua inyeshe, jua liwake, hakukosa mzee mmoja tuliyembandika jina la Mzee Malalamiko, ambaye siku asiyokuwa na shida alikuja kulalamika kwamba benchi ni gumu.

Mama yule hakumfukuza mtu. Nimemwona kwa macho yangu akiingia mtaroni na mabuti ya mpira pamoja na vibarua wa jiji. Nimemwona akisimama mbele ya mgambo mpaka wachuuzi wakapewa sehemu yao halali. Na alipokuwa akiomba kura alisema jukwaani, "Katika kata hii, hakuna ndugu yangu atakayepita mbele ya mwananchi!" Tulipiga vigelegele mpaka makoo yakakauka. Tulikuwa tumechoka na viongozi wa shangazi kwanza, mjomba pili. Ila aliyelishika neno lile kuliko sisi sote ni mumewe. Kwake ilikuwa kama kiapo alichoapa yeye mwenyewe.

Sasa ikaja habari kwamba jiji linataka kufunga chumba cha kusafishia vidonda katika zahanati yetu. Diwani hakulala. Alikwenda kwenye baraza la madiwani akawaambia kwamba mgonjwa wa kisukari akipata kidonda mguuni hasikii maumivu, anadhani ni kitu kidogo, na akicheleweshwa mguu unakwenda. "Mkikifunga chumba kile," alisema, "mjue mnakata miguu ya watu wangu." Mume wake alikuwa kwenye viti vya wasikilizaji, na waliokaa naye wanasema alipiga makofi peke yake baada ya wengine kunyamaza. Chumba hakikufungwa. Kiliongezewa muuguzi.

Siku ya kumpokea muuguzi huyo, fundi alivaa viatu vipya alivyojishonea. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, nami naongeza kwamba fundi viatu asijishonee. Kiatu kilimbana, kikamtoa lengelenge kisiginoni, naye hakusikia kitu. Alikuja kuona soksi imelowa.

Alifanya jambo la akili. Alikwenda zahanati, akapanga foleni kama kila mtu. Nilikuwepo, nimempeleka mama yangu. Zamu yake ilipokaribia, mwanamke mmoja nyuma akasema kwa sauti ya mzaha, "Haya, tupisheni, wenye chumba chao wamekuja." Watu wakacheka. Mwanamke yule hakuwa na ubaya, ni mdomo tu. Lakini fundi alitazama chini, akamwambia aliyemfuata, "Pita wewe, mama, mimi naweza kungoja." Akawapisha wote, mmoja mmoja, halafu akaondoka bila kutibiwa. Hakurudi tena.

Akawa anajifunga kitambaa, anavaa kiatu juu yake, anakaa kibandani kwake akigonga misumari. Mara kadhaa nilimwona amesimama mlango wa sebule, anataka kusema kitu. Mkewe alikuwa katikati ya watu. Alimnyooshea kiganja, "Dakika moja tu, baba, namalizana na hawa." Dakika ile haikufika. Jioni mama wa watu alirudi kutoka vikaoni hoi, akalala na nguo zake, na mume akamfunika shuka akazima taa. Ndugu zangu, hapa ndipo moyo unaponiuma. Wale wawili walipendana. Si kwamba walichokana.

Asubuhi moja benchi lilikuwa limejaa kama kawaida. Zamu ya Mzee Malalamiko ikafika.

"Mheshimiwa," alianza, amekunja uso, "leo nina lalamiko kubwa. Humu ndani kwako kuna panya amekufa."

Watu wakaangua kicheko. Diwani naye alicheka. "Mzee wangu, umemaliza ya mtaani, sasa umeingia ya nyumbani kwangu?"

"Harufu nimeisikia tangu juzi. Nimevumilia nikasema ni adabu. Leo sivumilii. Kama wewe unatukagulia mitaro, na hapa pakaguliwe!"

Kwa heshima ya uzee wake diwani akainama kuchungulia chini ya benchi, nyuma ya kabati, pembeni mwa mlango wa ndani. Fundi alikuwa amekaa pale penye kigoda, ametulia tuli, anatokwa na jasho ilhali kulikuwa na baridi. Diwani alipomkaribia akasimama ghafla. Nilikuwa nimeleta nguo zake, nikauona uso wake ukibadilika.

"Baba," alisema taratibu. "Vua kiatu."

"Si kitu, mama watoto. Wahudumie watu kwanza."

"Vua kiatu!"

Hakuweza. Mguu ulikuwa umevimba ndani yake. Diwani akapiga magoti, akakata kamba, akakata na ngozi kwa kisu cha mume wake cha kazi. Alichokiona sitakieleza, maana wengine mnasoma mkiwa mezani.

Utaamini kwamba wakati ule ule mtu mmoja wa benchini aliuliza, "Sasa Mheshimiwa, na mtaro wetu je?"

Mzee Malalamiko alimgeukia kama simba. "Nyamaza! Hata mimi leo nimenyamaza!" Kisha akatoka mbio, mzee yule wa kulalamikia magoti, akasimamisha gari la mchuuzi wa viazi. Tukambeba fundi, tukamlaza juu ya magunia, tukaenda hospitali kuu.

Daktari alimpima, akawauliza maswali. Moja silisahau.

"Mnakaa mbali sana na zahanati, mama?"

Diwani alijibu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Tunaiona kutoka dirishani."

Mguu ulikatwa chini ya goti. Roho ilipona, tunamshukuru Mungu. Alipoweza kuzungumza, mkewe alimshika mkono akamuuliza kwa nini alimficha.

"Sikutaka waseme umevunja ahadi," mume alisema. "Uliahidi hakuna ndugu yako atakayepita mbele ya mwananchi."

Diwani alilia palepale, mbele yetu, bila kujifuta. "Na wewe, baba? Kwani wewe si mwananchi wa kata hii?"

Hata Mzee Malalamiko, aliyekuwa amekuja kulalamika kwamba kitanda cha mgonjwa kina kelele, alitoka nje na lalamiko lake.

Tulikaa kikao sisi wenyewe, bila diwani. Kila mtaa ukachagua watu wawili wa kusikiliza madogo, na makubwa yakapelekwa ofisi ya kata, saa za kazi. Mtaro wetu tunauzibua wenyewe. Diwani bado anagombana na jiji kwa ajili yetu, na ukali haujapungua hata kidogo. Ila mchana anakwenda nyumbani, na kidonda cha mume wake anakisafisha mwenyewe.

FUNZO

Kwanza nasema na viongozi. Uadilifu ni kutokuwapa watu wa nyumbani kisicho haki yao. Haukukuambia uwanyime kilicho haki yao. Mumeo, mkeo, mwanao, nao ni raia, wana zamu yao kama wengine. Usiwatangulize, na usiwasahau.

Pili nasema na sisi wananchi, na hapa nasema kwa hasira. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulimtwisha mama yule kila tulichochoka kubeba, hata majogoo, halafu tukajiita watu tunaopenda kiongozi wetu. Na ndimi zetu zichungwe. Mzaha mmoja kwenye foleni ulimrudisha mgonjwa nyumbani.

Tatu nasema na kila anayeumwa akaona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Zamu yako ikifika, ingia. Wacheke, waseme, wapige domo wanavyotaka, wewe ingia. Fundi yule aliwapisha watu wote wa foleni ile, na wote wakarudi kwao kwa miguu yao miwili.