Nati Nne Juu ya Kitambaa

Mimi ni fundi wa viti. Si viti vya sebuleni, vya magari. Ukipanda basi dogo la Rumonge kwenda Nyanza-Lac, ukafika bila chuma kukuchoma, huenda ulikalia mshono wangu. Ninayasema haya mapema ili ujue kwamba mkono wangu ninaujua, na nikisema kiti fulani nilikifunga mwenyewe, basi nilikifunga mwenyewe. Yaliyobaki unaweza kuyaamini au kuyaacha. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, na kipande kimoja kilinipata mimi.

Kaka yangu anaitwa Amuri, fundi wa injini. Karakana yake iko nyuma ya mashine za kukamua mawese, kwa hiyo kila gari linalotoka kwake hunukia mawese wiki nzima. Miaka mitatu iliyopita alikuta huko Bugarama Celica ya mwaka wa sabini na nne, gari la michezo la milango miwili, limefunikwa makuti ya michikichi. Kuku walikuwa wanatagia kiti cha nyuma. Mtu mwenye akili timamu angewaachia kuku gari lao. Amuri na mwanawe Zubeir walilivuta kwa lori mpaka Rumonge, wakicheka njia nzima kama watu wanaoleta bibi harusi.

Walikuwa na grupu ya WhatsApp, inaitwa Milango Miwili, ya watu wenye ugonjwa huohuo: Kabwe wa Uvira, Espoir wa Bujumbura, Bora wa Baraka ng'ambo ya ziwa, na wengine. Ukituma picha ya bolti moja, kabla chai haijapoa una ushauri kumi, na wote unapingana. Mimi nilitiwa humo kwa ajili ya viti. Nilikuwa nasikiliza sauti zao nikishona, nikicheka peke yangu.

Zubeir alikuwa na miaka ishirini na minne. Yeye alitaka gari libadilishwe: matairi mapana, usukani mdogo, kelele. Baba yake alitaka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Walibishana kila siku, na kwa kweli walikuwa wanafurahi kubishana. Kwa miaka miwili Zubeir alishinda jambo moja tu, kwamba viti vishonwe kwa uzi mwekundu.

Kisha ikafika zamu ya kabureta. Ya zamani ilikuwa imeoza. Grupu nzima, kwa mara ya kwanza, ilikubaliana: wekeni ya Hilux, mnaipata hapohapo sokoni, mchonge bamba la kuikalisha, gari litatembea. Zubeir alikuwa ameshachukua vipimo. Amuri alikataa.

"Mu hii gari siweki kitu ya Hilux," alisema. "Yake iko Baraka, Bora ameiona. Uende uilete."

Zubeir alisema upepo wa mwezi ule ulikuwa mbaya ziwani. Amuri akamjibu kwamba kama amechoka na kazi aseme. Kijana akaja kwangu kuniomba nimkatie patroni ya kitako cha kabureta, yenye matundu manne, asije akauziwa ya gari jingine. Niliikata kutoka kwenye katoni ya sabuni, kwa mkasi wangu huu. Amuri aliichukua, akaandika kitu juu yake kwa kalamu, akaikunja na kuitia katika mfuko wa shati la mwanawe. Sikuuliza aliandika nini.

Alhamisi Bora alituma picha. Zubeir amesimama ufukweni Baraka, anacheka, amekumbatia kifurushi cha bashi ya buluu, lile turubai jepesi, kimefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi. Ijumaa, saa ya swala, upepo uliipiga boti yao katikati ya ziwa. Walikuwa kumi na mmoja. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokoa wanane. Maiti mbili zilitupwa na mawimbi upande wa Kigwena. Zubeir hakuonekana.

Shehe alitaka tumswalie swala ya ghaibu, kama anavyoswaliwa maiti ambaye mwili haupo. Amuri alikataa hata hilo. Alisema yeye amemtuma mtu na mtu huyo hajarudi, basi. Mkewe, wifi yangu Sikujua, alikaa mkekani akimtazama. Niliona anamchukia, na niliona pia hana nguvu ya kumchukia vizuri. Mimi nilikuwa nalia nikiuona mkasi.

Zilipopita siku arobaini Amuri alifungua karakana. Hakugusa Celica. Ijumaa ya kwanza alifunga mlango kwa kufuli, akaenda msikitini, akarudi. Boneti ilikuwa wazi. Nati nne za kukazia kabureta ya zamani zilikuwa zimefunguliwa na kupangwa mstari juu ya kitambaa safi, kuanzia kushoto, vile alivyozipanga Zubeir tangu utotoni. Chini palikuwa na maji. Aliyaonja. Yalikuwa maji ya ziwa.

Alizirudisha nati mahali pake bila kumwambia mtu. Ijumaa ya pili ikawa vilevile. Alibadilisha kufuli. Ijumaa ya tatu akapiga picha, akaituma kwenye grupu akiuliza mwizi gani anafungua nati na kuziacha. Watu walijibu mengi. Kabwe hakujibu pale. Aliniletea sauti mimi peke yangu, ya chinichini.

"Amahoro, Mama Hadjara. Ile foto ya ndugu yako, angalia upande wa kuume. Nani iko anamushikia tochi?"

Niliikuza. Karakana ile ni giza hata adhuhuri, lakini injini ilikuwa inaonekana vizuri, nati zote nne, kwa sababu mwanga ulitoka pembeni. Na pembeni palikuwa na kidole gumba juu ya tochi. Kilikuwa cheupe na kimekunjana, kama cha mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Amuri alikuwa ameniambia alipiga picha akiwa peke yake.

Nilimpelekea simu. Hakuogopa. Alikikuza kile kidole mpaka kikajaa kioo, akaona kovu la boneti iliyomkata Zubeir mwaka uliopita, akakaa chini juu ya tairi.

"Amekuja kunishitaki," alisema. Kisha akanishika mkono. "Weye anakupenda. Ijumaa ukae mule. Umuulize kama amenisamehe."

Ningeweza kukataa. Lakini ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kaka yangu kuomba kitu, na kile alichokiomba ndicho kitu pekee alichokuwa anakitaka duniani. Nilikwenda. Nilijipa kazi ya kiti cha abiria: nilikitoa garini, nikakilaza kwenye turubai karibu na mlango, ngozi ikiwa wazi upande wa nyuma, sponji na springi nje. Amuri alinifungia. Nilisikia adhana. Nilisikia mashine za mawese zikizimwa moja moja, watu wakienda kuswali.

Kukawa kimya.

Nilishona. Nilihesabu mishono. Kwenye ishirini na kitu harufu ya mawese ikaondoka. Haikupungua, iliondoka. Ikaja harufu ya nyavu mbichi.

Boneti ilikuwa chini nilipoingia. Nilipoinua macho ilikuwa juu.

Nyuma yake spana ilikuwa inageuka. Taratibu. Ikisimama, ikigeuka. Nati ya kwanza iliwekwa kitambaani. Ya pili. Sikuweza kumwona kwa sababu ya boneti. Niliona miguu tu, chini, kati ya magurudumu. Ilikuwa peku. Maji yalikuwa yanashuka kwenye mashavu ya miguu bila kukoma, na sakafu yote ilikuwa inameremeta mpaka kwenye turubai langu.

Ya tatu. Ya nne.

"Shangazi."

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa imejaa maji, lakini yake.

"Naam, mwanangu," nilisema. Sijui neno hilo nililitoa wapi.

"Baba iko wapi?"

"Iko musikitini."

Nilisikia matone. Nilitakiwa kumuuliza lile swali. Lilikuwa mle mle ndani ya mdomo, halikutoka.

"Mumuambie nimefika," alisema.

Miguu ikaanza kuja upande wangu. Hapo nilifumba macho. Nilijifunika uso kwa kanga kama mtoto, nikasikia maji yakipita karibu na goti langu, baridi, na kiti kikilia springi zake kana kwamba mtu ameweka mkono juu. Sikufumbua mpaka Amuri alipofungua kufuli.

Sasa lisikilize kosa langu, maana ndilo ninaloandika habari hii kwa ajili yake. Amuri aliniuliza mtoto amesema nini. Nilimtazama, macho yamemtumbukia, amekonda mpaka saa inamzunguka mkononi. Nikafikiri: nikimwambia mwanao amesema amefika, mtu huyu atakaa mlangoni akimngojea mpaka naye afe. Hatamswalia. Wifi yangu hatapata siku ya kumlilia mtoto wake sawasawa. Basi nikamdanganya.

"Amekusamehe," nilisema. "Ameomba umuache apumzike."

Kaka yangu alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mwanamume. Siku ya pili yake nilirudi kukifunga kile kiti. Sponji ilikuwa imelowa na kiti kilikuwa kizito, nikadhani ni maji tu. Sikuingiza mkono ndani. Nilikuwa naogopa ile karakana na nilitaka kumaliza. Nilikishona kwa uzi mwekundu, mshono wa kubana, nikakirudisha garini.

Amuri alienda ufukweni na Sikujua. Wifi alinisimulia kwamba mumewe aliingia majini mpaka magotini, akasema, "Zubeir, ile safari nimeifuta. Usilete tena kitu, mwanangu. Weye ndiye ulisema kweli." Akaenda sokoni, akanunua kabureta ya Hilux, akachonga bamba kwa vipimo vilivyoachwa na mwanawe kwenye daftari. Ijumaa ile ikaswaliwa swala ya ghaibu, msikiti ukajaa mpaka nje. Walipotoka, Amuri alifungua karakana mbele yetu sote. Boneti imefungwa. Sakafu kavu. Wifi alipiga goti akaigusa kwa kiganja ili ahakikishe.

Celica iliwaka kwa jaribio la pili. Grupu ilifurika sauti za pongezi, Kabwe alilia wazi. Tulikwenda nayo mpaka Kigwena, kaka na wifi mbele, mimi nyuma walipokuwa kuku, na pale penye msitu Amuri alizima gari tukakaa tukitazama maji. Wifi aliweka mkono wake juu ya mkono wa mumewe. Nilijiambia uongo wangu ulikuwa dawa.

Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Amuri anakula. Akipita dukani kwangu hupiga honi, hunitania kwamba viti vyangu vimemharibia mgongo. Majuzi alisema cha abiria kinalia, mkewe akikaa kuna kitu kigumu kinamchoma. Niliwaachia benchi langu dogo la kukalia garini, nikakibeba kiti nyumbani.

Niliukagua mshono kwanza. Ulikuwa wangu, haujaguswa, uzi mwekundu mwanzo mpaka mwisho. Niliukata. Chini ya sponji, katikati ya springi, palikuwa na bashi ya buluu imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi.

Ndani yake kabureta ilikuwa kavu, inang'aa mafuta, kama imetoka mkononi mwa Bora asubuhi ile. Na juu yake, imekunjwa mara mbili, ile katoni ya sabuni, matundu manne, kona zote kama mkasi wangu ulivyoziacha. Wino haukuwa umetoka hata kidogo. Niliusoma mwandiko wa kaka yangu.

*Hii tu. Usirudi bila hii.*

Mtoto aliirudisha. Aliifikisha mpaka ndani ya karakana ya baba yake, akaitafutia mahali pa kukaa, akaniambia mimi nimwambie. Na mimi sikumwambia.

Kifurushi kiko kwenye droo ya cherehani yangu. Nikimpa Amuri, atalisoma lile neno, na nalijua neno hilo litamfanya nini. Mara tatu nimeshika simu kumwita, mara tatu nikaiweka. Lakini kila Ijumaa, saa ya swala, droo inaingia maji. Ijumaa iliyopita niliikausha kwa kitambaa kabla ya adhana, nikaifunga kwa ufunguo. Watu walipotoka msikitini niliifungua, na ilikuwa imejaa.