Valvu Yenye Uzi wa Kijani

Jumatatu, tarehe 14 Machi 1988. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ilipokatika iliacha ukungu mwepesi na tope jekundu barabara nzima kutoka Bugembe hadi Mpumudde.

Mastula, msichana wa miaka kumi na miwili, alimpakia mdogo wake Asadu kwenye keria ya baiskeli kama kila asubuhi, watoke kwao Bugembe waende shuleni Mpumudde. Mguu mmoja wa Asadu ulipooza kwa polio wakati wa vita, chanjo ilipokosekana, na hakuweza kutembea mbali. Baiskeli ile, waliyopewa na mjomba wao Yakub wa Namatala kule Mbale, ndiyo iliyokuwa miguu yake. Bila hiyo, Asadu asingesoma.

"Semeni Bismillahi," mama yao, Ramula, aliwaambia. "Na valvu usiisahau, Mastula!"

Vita vilikuwa vimekwisha mjini Jinja, lakini vipuri vilikuwa adimu na wezi walikuwa wengi. Kwa hiyo kila mtu alipoegesha baiskeli alifungua valvu ya gurudumu la mbele na kuitia mfukoni. Nani angekimbia na baiskeli isiyo na upepo? Ramula alikuwa ameizungushia valvu yao uzi wa kijani kutoka kwenye leso yake, isije ikachanganywa na za watu wengine.

Siku hiyo walicheleweshwa kwenye kizuizi cha askari. Waendesha baiskeli wote waliamriwa kushuka na kusukuma.

"Afande, kengele ya shule italia," Mastula alisema.

"Nani amekuuliza habari ya kengele?" askari alijibu, akaupekua mkoba wake daftari moja moja.

Walipofika shuleni, watoto walikuwa wamekwisha kuingia darasani. Mastula aliiegemeza baiskeli kwenye ua, karibu na pale Fundi Makokha alipotengenezea baiskeli, akambeba Asadu mgongoni na kukimbia. Valvu aliisahau.

Saa saba mchana walipotoka, gurudumu la mbele lilikuwa limelala chapati. Valvu haikuwapo! Fundi Makokha naye hakuwapo. Sanduku lake la vyuma lilikuwa limefunikwa gunia, na bomba lake la kujazia upepo lilining'inia kwenye nguzo ya geti, mahali pa kila siku.

Mastula aliutupa mkoba chini kwa hasira. "Wameniibia!" alipiga kelele, na watu wote getini wakageuka. "Na huyu Makokha anakaa hapa kutwa nzima kufanya nini? Macho yake yanatazama wapi? Au ni yeye mwenyewe?"

"Twende polepole, dada," Asadu alisema. "Nitakushika bega."

"Mpaka Bugembe? Na mguu huo? Wewe nyamaza!"

Alitazama huku na huku. Chini ya upenu ilikuwapo baiskeli nyeusi ya Mwalimu Isabirye. Yeye peke yake hakuwa na desturi ya kutoa valvu. Alizoea kusema kwamba hakuna atakayemwibia mwalimu mbele ya wanafunzi wake. Mastula aliinama, akaifungua valvu ile upesi. "Mimi nimeibiwa," alijiambia moyoni. "Kosa si langu." Aliifunga kwenye gurudumu lake, akajaza upepo, akampakia Asadu. Asadu aliyaona yote.

Jioni Ramula alirudi mapema kutoka darasa la watu wazima, daftari lake likiwa limefungwa. "Mwalimu Isabirye hakufika," alisema kwa huzuni. "Tumekaa tunamngoja saa nzima. Leo tungeandika majina yetu kamili. Nilikuwa nimemwomba Mungu aniongoze mkono." Mastula aligeuza uso, akaisukuma sahani yake kando.

Jumanne asubuhi walikuta watu wamejaa getini. Katikati alisimama Fundi Makokha, mzee mwembamba aliyetoka ng'ambo ya mpaka, Kenya. Sanduku lake lilikuwa limepinduliwa, na nati na minyororo ilikuwa imetawanyika kwenye tope.

"Jana mtoto alilia hapa kwamba huyu ni mwizi!" alifoka Asuman, muuza nyama. "Na jioni Mwalimu alisukuma baiskeli hadi nyumbani kwake. Mchana anang'oa valvu, jioni anawauzia watu. Arudi kwao!"

"Asuman, mimi ndiye niliyekuzibia pancha Ijumaa," Makokha alisema. "Nilikuibia nini?"

"Usinizoee!" Asuman alitia mkono kwenye mfuko wa shati la fundi, akatoa kitu kidogo, akakiinua juu. "Haya! Hii ni nini?"

Watu walipiga yowe. Wengine waliinama kuokota mawe.

"Si ya Mwalimu hiyo!" Makokha alisema. "Ni ya yule msichana anayembeba mdogo wake. Alisahau kuitoa, nikamtolea nimtunzie. Nilikwenda kunywa chai kidogo, niliporudi nikakuta ameondoka."

"Hadithi hiyo kawaambie polisi!"

Mastula aliiona valvu ile mkononi mwa Asuman. Ilikuwa na uzi wa kijani. Hakuna aliyemwibia. Mwizi alikuwa mmoja tu, naye ni yeye. Na akisema, je? Yeye alikuwa Mnubi, wa jamii iliyolaumiwa kwa ukatili wa jeshi la zamani. Wangapi walikuwa wamemzomea sokoni kwamba watu wake walikuwa askari na waporaji? Leo wangepata la kusema mwaka mzima. Na kama mama angemnyang'anya baiskeli, Asadu angefikaje shule?

Asadu aliteleza kutoka kwenye keria, akasimama kwa mguu wake mzima. "Nitatembea, dada," alinong'ona. "Nitaanza mapema. Waambie."

Mastula alijipenyeza mpaka katikati. "Mwacheni!" alilia. "Hiyo ni yangu! Ya Mwalimu niliichukua mimi. Tazameni gurudumu langu!"

Watu walimgeukia. Mwalimu Isabirye, aliyekuwa ametoka ofisini mbio, aliinama kwenye gurudumu, akaitambua valvu yake. Alipoinuka uso wake ulikuwa umewaka, lakini hakumtazama Mastula kwanza.

"Nyinyi watu wazima!" alisema. "Neno moja la mtoto mwenye hasira, nanyi mmeokota mawe? Miaka yote hii tumeona watu wakipigwa kwa sababu ya kabila na lugha yao. Hatujachoka? Asuman, okota vyuma vya mzee, na uvifute!" Asuman alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuokota.

Kisha Mwalimu alimgeukia Mastula. "Wewe ulidhani umeibiwa, ukaona una haki ya kuiba. Kila mwizi ana sababu yake, mwanangu. Ulipotoa valvu yangu, watu wazima ishirini walikosa somo, mama yako akiwa mmoja wao, na mzee huyu alikaribia kuuawa. Hasira ya kuonewa si ruhusa ya kumwonea mwenzako. Lakini umesema kweli mahali penye mawe. Mungu ameona hilo pia."

Makokha alizifunga valvu zote mbili, ya Mwalimu kwenye baiskeli aliyokuja akiisukuma na ya Mastula kwenye yake, na kuipapasa tairi ya Mastula. "Mdogo wako asitembee," alisema. "Uliniumiza, msichana. Lakini baiskeli haina kosa."

Mastula alifuta machozi. Watu walikuwa bado wamesimama pale, na Asuman alikuwa ameshika sanduku lililojaa. Mastula alisema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Mimi Mastula, mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi. Leo jioni nitamwambia mama mwenyewe. Sitachukua cha mtu, hata nikiibiwa. Sitamwita mtu mwizi kabla sijamuuliza. Na muhula huu mzima, kabla ya kengele, nitazunguka ua huu. Nikiona valvu iliyosahauliwa, nitampelekea Fundi Makokha aitunze, mpaka mwenyewe aje."