Papai Bichi Halisubiri

Kwa jina la Mola aliyeufanya mto kuwa njia na kuwa kaburi, naanza. Sala na salamu zimfikie Mtume na jamaa zake. Lililoandikwa halifutwi kwa machozi; lau lingefutika, habari hii isingekuwapo.

Watu wake ni wachache. Yupo Ramla, mshonaji wa mtaa wa Kabondo, binti wa ukoo uliosali Kisangani tangu enzi za misafara. Yupo baba yake, Papa Mohamadi, aliyefiwa na mke akabaki ameishika dini kwa mikono miwili. Yupo Lukumani, Mwislamu kutoka Kindu, mpishi wa wahandisi wa Kikorea waliokuja kutengeneza barabara. Na yupo Feruzi mwenye duka, ambaye neno lake lilikuwa la kweli, ila lilichelewa njiani.

Ramla na Lukumani walikutana katika soko kuu, mbele ya meza ya Djuma mchinjaji, mahali penye nzi na makelele. Lukumani, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, alikuwa akimsihi Djuma aikate nyama ya ng'ombe kinyume cha nyuzi zake, iwe nyembamba kama ganda la kitunguu.

"Bon, kijana," Djuma akamwambia, kisu kikiwa kimesimama hewani, "unataka kula nyama ao unataka kuangalia jua kupitia kwake?"

Watu wakacheka, na aliyecheka zaidi ni Ramla, amejifunga kikwembe cha rangi ya ndizi mbivu na ushungi wa rangi hiyo hiyo. Lukumani akageuka.

"Mama, unacheka bure. Siku moja utaniomba."

"Nikuombe nini? Miye nakulaga nyama, hapana karatasi."

Alipoomba namba ya simu alipewa, naye Ramla akajitahidi asionekane amefurahi. Tangu hapo simu ililia kila jioni, baada ya magharibi.

"Roho yangu, leo umekula nini?"

"Sombe."

"Na jana?"

"Sombe."

"Donc nisipokuoa, kwa hayo majani ya muhogo utakufa ukiwa kijani."

Papa Mohamadi alikubali kijana aje nyumbani apike, mradi wakae uani, mbele ya macho ya majirani. Lukumani alikuja na nyama iliyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, na mchuzi mweusi wa soya ndani ya chupa. Akachanganya mchuzi huo na sukari, vitunguu saumu vilivyopondwa na ufuta wa kukaanga. Wakorea, alieleza, hukunia humo tunda la kwao linaloilainisha nyama. Hapa halioti, basi yeye huweka papai bichi.

"Lakini papai haisubiri," alimwonya Ramla. "Ukiiacha kidogo, nyama inakuwa laini. Ukiiacha sana, inakula nyama yote, inabakia uji."

Nyama ilipogusa bati la moto juu ya mbabula, jiko la makaa, sukari ikaungua kwa harufu tamu, na majirani wakaanza kukohoa ng'ambo ya ua ili waulizwe kama wana njaa. Lukumani akafunga kipande katika jani la saladi, akampa Ramla. Ramla akatafuna, macho ameyafumba.

Papa Mohamadi alirejea kutoka sala ya alasiri, akaiona chupa. Ilikuwa chupa ya bia. Naye alikwisha kusikia mitaani kwamba watu wa Mashariki ya mbali huiosha nyama kwa mvinyo. Kumhoji mgeni mbele ya sahani ni aibu, kwa hiyo alimwita binti yake mlangoni, ila sauti yake haikujua kunong'ona.

"Ndani ya ile nyama iko pombe?"

Jikoni mwao wenyewe mafuta ya mawese yalikaa katika chupa ya namna ile ile tangu uhai wa mamake Ramla, na hakuna aliyewahi kuyauliza mafuta dini yake. Ramla alilijua hilo. Alijua pia moyo wa Lukumani. Lakini hofu ya baba na ugeni wa ladha ile vilimfunga ulimi.

"Sijui, papa."

Sahani ya Papa Mohamadi ikaondolewa bila kuguswa. Lukumani alinawa mikono taratibu, akaaga kwa adabu. Ramla akamfuata hadi langoni.

"Ulikula mu mukono yangu," Lukumani alimwambia. "Ungeniuliza."

"Niliogopa papa."

"Miye pia naogopa Mungu, Ramla."

Alishuka mto, akaenda Basoko kupikia kambi ya wakata mbao, na simu za Ramla hazikujibiwa. Chupa ilibaki kando ya ua, mvua ikainyeshea, maana hapakuwa na aliyethubutu kuigusa. Ramla akashona nguo za arusi za wasichana wengine, na akakonda.

Kisha Ijumaa moja, kwenye kizingiti cha msikiti, Feruzi akamuuliza Papa Mohamadi habari za yule mpishi mwenye adabu. Akasema ni yeye Feruzi aliyempimia mchuzi wa soya dukani. Kijana hakuwa na chombo, basi Feruzi akampa chupa tupu ya dukani, aliyokwisha kuiosha mara tatu. Papa Mohamadi alirudi nyumbani haraka. Akaifungua ile chupa, akadondosha tone kidoleni, akaonja. Akakaa chini.

"Iko chumvi tu, mwanangu," alisema. "Nimemuzulia mutu wa Mungu. Mupigie. Umwambie miye ndiye ninamwita."

Safari hii simu ilipokewa, na kwanza ikasikika misumeno ya mbali.

"Unakulaga nyama," Lukumani akauliza, "ao uko kijani?"

Ramla alicheka na kulia kwa pumzi moja. "Unisamehe. Nilijua. Nilijua, nikasema sijui."

"Nilikusamehe palepale mulangoni. Nilibakia tu na kiburi."

Wakakubaliana kwamba Lukumani atapanda boti la mbao linalofika Ijumaa, na siku hiyo hiyo Papa Mohamadi atapokea neno la posa.

"Niko nakuya, chérie. Lakini papai uiweke ukishasikia honi ya boti. Haisubiri."

"Nitaiweka mbele ya honi kulia, usikae na njaa."

"Una kichwa nguvu."

Ijumaa ikafika. Ramla alivaa kikwembe cha rangi ya ndizi mbivu, hina ikiwa mbichi viganjani, akakuna papai asubuhi ile juu ya nyama bakulini. Adhuhuri ikasaliwa. Akafunika bakuli. Alasiri ikasaliwa, na simu ya Lukumani haikupatikana. Feruzi akaingia uani bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema boti lilikuwa limejazwa kupita kiasi, likagonga gogo na kupinduka mbele kidogo ya Yangambi. Waliookolewa wametajwa majina. Lukumani hakutajwa.

Ramla alifunua bakuli. Hapakuwa tena na vipande wala nyuzi. Papai lilikuwa limemaliza kazi yake. Hata hivyo aliwasha mbabula akapika, kwa kuwa aliahidi kupika, na harufu ile tamu ikapanda kama siku ya kwanza. Safari hii hakuna jirani aliyekohoa.

Papa Mohamadi alikaa mkekani, akanyoosha mkono.

"Papa, imeharibika."

"Najua. Leta."

Akala kwa kijiko ule uji mweusi wa nyama aliyoikataa, machozi yakimshukia ndevuni.

"Ningemuuliza yeye mwenyewe," alisema, "angenijibu."

"Uliniuliza miye, papa. Na nilijua."

Papa Mohamadi alimsogezea sahani, naye akala.

Ee Mola, aliye majini mpe daraja la mashahidi waliozama, na maji yawe mepesi juu yake. Na hawa wawili waliobaki mbele ya sahani moja, wape subira isiyowayeyusha, uwape na ndimi za kusema kweli kungali mapema. Na kila anayeitegea honi sikio katika kingo za mto huu, mfikishie wake akiwa hai. Amina.