Mita Namba 4417

Utepe uliobandikwa na ofisi ya mazingira kwenye kabati la dukani ulikuwa umekatwa kwa wembe, taratibu, bila kuharibu kabati. Ndani zilibaki mita kumi na moja. Zilitakiwa ziwe kumi na mbili.

"Shikamoo, Mzee Halfani. Imeibwa ipi?" aliuliza Inspekta Scholastika.

"Marahaba, mwanangu. Namba 4417, Jumapili duka likiwa limefungwa. Inapima kama umeme unavuja ndani ya mota."

Tangu duka la shirika la umma lifungwe, mafundi wa Masasi na Newala walinunua vipimo kwa Halfani. Mwezi uliopita ikaja kanuni mpya: mita zenye swichi za zebaki zisiuzwe. Zikafungiwa kabatini.

"Nani aliitaka sana?"

"Chrispin, fundi wa pampu Newala. Kaja mara tatu. Mara ya mwisho kapiga magoti, mtu mzima! Nikamwambia, Baba Gift, nikikuuzia, duka linafungwa."

"Zisizo na zebaki?"

"Nimeagiza. Zitachukua miezi minane kufika."

Kesho yake Inspekta alishuka hadi kituo cha pampu, chini ya mteremko wa Newala.

"Jumapili ulikuwa wapi, Chrispin?"

"Kanisani, afande."

"Baada ya kanisa?"

"Nilipumzika."

"Mota umepima lini?"

"Jumatatu."

"Nione daftari la vipimo."

Chrispin hakusogea. Sultani, mwendesha pampu, akalileta kwa fahari. "Soma tu, afande. Huyu hata nukta haachi."

Jumatatu. Mota ya kwanza: nzima. Chombo kilichotumika: 4417.

"Ungeweza kuandika namba yoyote," alisema Inspekta kwa upole.

"Siwezi kudanganya kwenye daftari la vipimo." Chrispin alifungua sanduku la zana, akaitoa mita. "Niliiba, afande. Mwaka jana mita yetu ilikufa. Nikakisia mota ni nzima, nikaiwasha, ikaungua, na wakati huo tulikuwa na moja tu. Miezi minne watu walishuka huku bondeni na ndoo. Mke wangu Julia alikuwa na mimba ya miezi saba. Aliteleza. Mtoto hakupona. Nikaapa sitakisia tena."

Inspekta alitoa mkobani barua ya kanuni aliyoichukua dukani.

"Ukurasa wa pili unasema huduma za maji na hospitali zinaruhusiwa kuzinunua hadi mwakani. Kwa barua ya maombi."

"Mzee hakuniambia."

"Hakufika huko. Ni Kiingereza, na faini imeandikwa mwanzoni kabisa. Aliogopa."

Chrispin alikaa sakafuni. "Barua tu? Ningeandika hata kumi."

Inspekta aliirudisha barua mkobani. Alitamani angekuja wiki moja kabla, kama mgeni tu, akamsomea.

"Afande, mota ya pili sijaipima."

"Pima."

Alisubiri mlangoni. Chrispin aliunga nyaya, akapima mara mbili, akaandika, akatia saini. Kisha akampa Inspekta mita, akanyoosha mikono afungwe pingu.

"Sultani," alisema akitoka, "hiyo ya pili inavuja. Usiiwashe. Hata watu wakija kukulilia hapa, usiiwashe. Waambie wagawane maji ya mota moja."