Nta ya Mgeni wa Falsur

Mwezi wa Novemba, saa kumi na moja jioni, mji wa Falsur huwa umeshaingia giza. Milima hulimeza jua mapema, na baridi huteremka mitaani bila kubisha hodi. Filomena alipita kwa muuza mikate akachukua mkate mweusi. Akapita duka la dawa akachukua dawa ya kikohozi ya mwanawe Romina, chupa ya tatu mwezi huo. Kisha akashika njia ya maabara kwenda kuogesha maiti.

Kazi yake ndiyo hiyo, hakuna namna ya kuipamba. Kila jioni aliinyunyizia maiti maji safi yasiyo na vijidudu ili isikauke, halafu akasoma mizani iliyo chini ya kitanda chake. Mtu huyo alikuwa amelala ndani ya barafu ya mlima Falsur miaka zaidi ya elfu nne. Agosti iliyopita joto likaiyeyusha barafu, na aliyemkuta ni mzee Vigil, mchungaji wa kondoo, baba mzazi wa Filomena. Magazeti yakaandika mpaka wino ukaisha. Wataalamu walimwita hazina. Maabara ikampa jina la Mgeni.

Filomena, moyoni mwake, alimwita uchafu.

Tuseme ukweli, maiti ni maiti hata ikitimiza miaka elfu nne. Ngozi yake ilikuwa ya kahawia, inang'aa, imeshikana na mifupa kama paja la nguruwe lililotundikwa juu ya moshi msimu mzima. Ndiyo maana tangu Septemba Filomena hakuweza kutia mdomoni nyama ya moshi. Paja la kushoto la Mgeni lilikuwa na shimo la ukubwa wa bakuli la supu. Kingo za shimo zilikuwa nyeupe, zina utelezi, kwa sababu mafuta ya mwili yakikaa barafuni muda mrefu hugeuka nta. Na mdomo wa juu haukuwapo. Meno yote yalikuwa nje, hivyo kila ukifungua mlango unamkuta ameshaanza kukucheka.

Jioni hiyo, kabla ya kuvaa barakoa, Filomena alitoa mfukoni kikopo kidogo cha bati akajipaka midomo. Chumba kile kina baridi ya nyuzi sita chini ya sifuri, na midomo yake ilipasuka kila msimu. Mafuta ya mzee Vigil yalijulikana bonde zima. Ni mafuta ya marmoti, yule mnyama mnene anayelala mlimani kipindi chote cha baridi, yaliyochanganywa na utomvu wa msonobari na majani makavu ya mlimani. Yalitibu magoti, yalitibu kifua. Romina alipakwa kila jioni. Filomena alijilamba midomo, akavuta barakoa, akaingia.

Fsss... fsss... Akanyunyiza kichwa. Fsss... Akanyunyiza miguu. Akainama kusoma mizani.

Mgeni alikuwa ameongezeka gramu thelathini na moja.

Mwili kama ule hupungua, kwa sababu maji yanatoka kidogo kidogo. Oktoba yote Mgeni alipungua gramu nne kwa siku, na wataalamu wakahangaika. Halafu ikapita Siku ya Marehemu Wote, mwanzoni mwa Novemba, akaanza kunenepa. Walibadilisha mizani. Walibadilisha kitanda. Mgeni akaendelea kunenepa.

Halafu Filomena akasikia harufu.

Chumbani mle hakuna harufu, baridi huiua. Lakini sasa puani mwake mlikuwa na utomvu wa msonobari, na majani makavu. Akadhani ni midomo yake. Akatoka nje, akanawa kwa sabuni, akavaa barakoa mpya, akarudi.

Bado ilikuwapo. Akainama kichwani mwa Mgeni... hapana. Akainama kifuani... hapana. Akashuka.

Harufu ilitoka pajani, ndani ya shimo.

"Na wewe unaisikia?"

Filomena aliruka nusura aangushe bomba la kunyunyizia. Mlangoni alisimama Daktari Kassian, mkuu wa utafiti, mtu mrefu asiyejua kuvaa viatu vyenye sauti.

"Daktari, utaniua kwa mshtuko!"

"Pole, mama. Njoo uone kitu."

Ukumbini alimwonyesha picha mbili za eksirei. "Hii ya Septemba. Hii ya leo asubuhi. Shimo limeziba nusu."

"Maiti haiponi kidonda, Daktari."

"Ndivyo nilivyofundishwa na mimi. Sasa tazama hapa ukingoni. Hii mikwaruzo tulidhani ni meno ya mbweha. Si meno. Ni kisu cha chuma, chenye ncha iliyopinda. Enzi zake watu hawakujua chuma. Kuna mtu amemkwangua, mama, mtu wa juzijuzi tu. Jumatatu naita polisi."

Kisu chenye ncha iliyopinda. Filomena alikijua kimoja. Kilining'inia nyuma ya mlango wa jikoni kwao, na baba yake alikitumia kukatia kwato za kondoo.

Akatia mkono mfukoni. Kikopo kilikuwa cha moto kidogo, kwa joto la mwili wake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na Filomena akakimbia mpaka nyumbani, mkate ukimdunda mbavuni.

Harufu ilimpokea ngazini. Jikoni, kando ya jiko la vigae, mzee Vigil alikuwa amempakata mjukuu wake, fulana imepandishwa hadi shingoni, kiganja chake kikubwa kikizunguka juu ya kifua cha mtoto. Kilitoa sauti ya majimaji.

"Umechelewa, supu imeshapoa," mzee alisema. "Na huyu binti yako kanikoholea shati zima."

"Ondoa mkono, Baba."

"Nini tena?"

"Nimesema ondoa mkono!"

Mkono ukaondoka. Filomena akamsogeza Romina kwenye taa. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekonda tangu mwanzo wa mwezi, na zahanati walisema ni kikohozi. Lakini huku hakukuwa kukonda. Chini ya mtulinga nyama ilikuwa imebonyea kwa umbo la kiganja, vidole vinne na gumba. Ngozi ilikuwa imezama katikati ya mbavu kama vile mtu amechota kwa kijiko.

"Nenda kitandani, mwanangu," alisema taratibu. "Nakuja sasa hivi."

Mlango ulipofungwa, alimgeukia mzee.

"Mafuta haya yametoka wapi?"

"Marmoti. Wewe hujui?"

"Marmoti gani? Hata ngozi moja ya marmoti sijaiona humu ndani!"

Kuni zikapasuka jikoni. Mzee Vigil akatazama sakafu, na alipozungumza, alinong'ona.

"Nilimkuta miaka mitatu nyuma. Si Agosti hii. Paja tu ndilo lililokuwa nje... jeupe, safi kama jibini. Babu yangu alikuwa akisema hakuna dawa kama nta ya wafu wa barafu. Roho zao zinangoja toharani, mwili wa nini tena? Nikakwangua kidogo, nikamfunika mawe. Mwaka uliofuata, kidogo tena. Mwaka huu akawa nje mwili mzima na watalii wamejaa njiani. Ningemficha wapi?"

"Umempaka mjukuu wako maiti."

"Ilimponya! Msimu uliopita nani alikohoa humu ndani? Na wewe midomo yako je? Mbona hukuuliza?"

Filomena akajifuta midomo kwa mkono wa koti. Akafuta tena.

"Wala sikumwibia," mzee alizidi kunong'ona. "Nilimlipa. Kila mkesha wa Marehemu Wote nilimwachia mezani maziwa na maandazi, nikaacha jiko linawaka aje kuota moto. Kama tunavyowafanyia wafu wetu wote."

"Maziwa, Baba? Kwa nyama yake?"

"Miaka yote aliridhika. Alikuwa juu kule, mbali. Mwaka huu mmemshusha, yuko mtaa wa pili." Akafuta pua. "Asubuhi yake maziwa hayakuguswa. Juu yalikuwa na utando mweupe. Nikadhani ni malai. Nikautia kidole... ilikuwa nta."

Akapandisha mguu wa suruali. Paja lake la kushoto, alilokuwa akilipaka kwa maumivu ya nyonga, lilikuwa na bonde ambalo ngumi ingeingia. Mla cha mwenzio na chako huliwa. Ila huyu mzee alikuwa ameketi akila cha mwenzie huku anayeliwa ni mtoto, na Filomena alimchukia kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Hakupoteza muda. Alikusanya vikopo vitatu chini ya sinki. Akaingia chumbani, akamkwangua Romina kifua kwa mgongo wa kisu cha mezani. Mafuta yalitoka ya kijivu, yamechanganyika na magamba madogo ya ngozi ya mtoto, naye akayarudisha kikoponi yote, pamoja na yale ya mfukoni mwake. Romina alikuwa akipumua kwa mluzi. Katikati ya pumzi na pumzi kulikuwa na kimya kirefu mno.

Saa mbili usiku alikuwa tena mbele ya Mgeni.

Kwenye baridi ile mafuta yaliganda, yakanata kwenye glavu. Yalihitaji joto la mkono. Akavua glavu. Akachota, akafumba macho, akatia vidole ndani ya shimo la paja la mtu aliyekufa miaka elfu nne iliyopita. Kulikuwa na utelezi. Kulikuwa na vinyweleo.

"Chukua," alinong'ona. "Chako hiki. Niachie wangu."

Akapaka. Mafuta yakazama chini ya vidole kama siagi kwenye mkate wa moto. Akachota tena. Yakazama. Kikopo cha pili... cha tatu... Halafu akasikia sauti, ndogo, ya majimaji, ikitoka kule kule alikoweka mkono.

Nch... nch... nch...

Nyama ile ilikuwa ikinyonya.

Filomena alitapikia ndani ya barakoa yake. Hakutoa mkono mpaka vikopo vyote vilipokuwa vitupu.

Jumatatu polisi hawakuja. Shimo lilikuwa limeziba, mikwaruzo imepotea, na Daktari Kassian alibaki na picha zake mbili ambazo hakuna aliyeziamini. Kufikia Alhamisi kikohozi cha Romina kilikuwa kimekwisha. Kifua kilijaa, rangi ikarudi, akawa anakula sahani mbili na kuomba ya tatu. Filomena alikaa jikoni akalia kwa furaha. Mguu wa mzee Vigil ulibaki kijiti, akatembelea mkongojo, na binti yake hakumwonea huruma.

Mizani ilitulia siku tatu.

Siku ya nne iliongezeka gramu moja. Siku ya tano, moja tena.

"Paja halijabadilika," Daktari Kassian alimwambia jioni ya siku ya sita, macho yakimng'aa. "Safari hii ni usoni. Sogea uone."

Akasogea. Meno ya Mgeni hayakuonekana. Mdomo wa juu ulikuwapo, umenona, mwekundu, umefunga vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa na ufa mdogo wenye damu iliyokauka, ufa ambao Filomena aliujua. Alikuwa akiulamba kila jioni kwa miaka mitatu. Alilamba akiwa kazini, alilamba akipika, alilamba usingizini... na kila alicholamba alikimeza. Hicho angekikwangua kwa kisu gani?

Alifika nyumbani amejifunga skafu usoni. Hakutazama kioo. Alipakua supu, akaketi, akaifungua skafu ili ale. Ubaridi ukampiga kwenye fizi. Alijaribu kufunga mdomo. Akajaribu tena.

Romina aliacha kijiko hewani, akamkazia macho.

"Mama," alisema, "mbona unacheka?"