Friji ya Fundi Saa

Friji ilikuwa imechomolewa tangu asubuhi, lakini mchana ule bado ilikuwa inanguruma.

Muuguzi alisimama jikoni, waya mkononi, akiisikiliza. Aliichomoa mwenyewe kabla ya kwenda zahanati, maana kwa mara ya pili wiki ile ilikuwa imegandisha insulini ya mama yake kwenye rafu ya mlangoni, mahali ambapo hata maji hayakuwahi kuganda. Insulini ikishaganda ni ya kutupa. Hilo hakuhitaji kuambiwa na mtu. Alifungua mlango. Baridi ilimpiga usoni, na pamoja nayo harufu ya nywele zilizoungua.

"Umeirudisha kwenye umeme?" alimwuliza mumewe.

"Sijaigusa." Mumewe alikuwa fundi saa, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Fundi Saa, hata mama mkwe wake. Friji aliinunua yeye kwa mtu aliyekuwa anahama kwa haraka, na mwezi ule peke yake alishaifungua mara tatu. "Hiyo ni baridi iliyobaki tu. Nimebadilisha swichi yake. Bado kidogo itakaa sawa."

"Baridi iliyobaki ndiyo inayonguruma?"

Fundi Saa aliinama kuchungulia chini ya friji.

"Tununue nyingine, baba. Imetosha."

"Nimefufua saa zilizotolewa mtoni, leo nishindwe na sanduku la barafu? Nitaitengeneza, naapa."

"Mama yangu si saa!"

Ndani ya friji kitu kiligonga mara moja, taratibu, kama kidole cha mtu anayesikiliza maneno ya wenyewe.

Bibi, mama yake muuguzi, alikuwa sebuleni na miguu yake imevimba juu ya mto. Aliwaita kwa mkono. "Msigombane mbele yake," alinong'ona.

"Mbele ya nani, mama?"

"Huyo wa jikoni. Kila mkisema mnanunua nyingine, naitwa kwa jina langu la utotoni. Aliyekuwa akiniita hivyo ni marehemu mama yangu tu. Mwanzoni nilidhani ni sukari imepanda."

Fundi Saa alicheka, ila kicheko chenyewe kilikatika njiani.

Jumamosi muuguzi alimwambia waende dukani wakachague friji mpya. Akagoma. Wakarushiana maneno mpaka mlangoni, na muuguzi akaondoka peke yake, hata kwaheri hakuaga. Fundi Saa akachukua bisibisi, akaivuta friji kutoka ukutani na kufungua bati la nyuma.

Mahali pa mota palikuwa patupu. Kulikuwa na vumbi, na mashimo manne ya skrubu yaliyoota kutu ya miaka, lakini mota haikuwapo, wala hapakuwa na dalili kwamba karibuni iliwahi kuwapo. Na yeye alikuwa ameishika mota ile mara tatu. Alikumbuka uzito wake, alikumbuka ilivyokuwa na joto, na laini kidogo kwa chini, na jinsi alivyojiambia kwamba huo ni mpira umelainika; sasa akajiuliza ni kitu gani hasa alichokuwa akikishika. Bado kiburi cha ufundi kilimsukuma. Akapenyeza mkono wa kulia, mkono wa kazi, apapase ndani ya giza lile, na huko ndani kitu kikaupokea, bila kuudaka, bila kuuvuta, bali polepole, kidole kwa kidole, kama mwenyeji anayeupokea mkono wa mgeni aliyemsubiri muda mrefu, kisha kikaubana, na baridi ikaanza kupanda kwenye kiganja, kwenye kiwiko, begani, huku ule mngurumo ukibadilika na kuwa pumzi ya mtu, karibu na sikio lake, inayosema kwa sauti yake mwenyewe: "Bado kidogo, fundi. Bado kidogo."

Muuguzi aliporudi alimkuta amepiga magoti nyuma ya friji, ndevu zina barafu. Bibi alikuwa ameshampigia simu mganga wa mtaa wa pili, mama mtu mzima aliyeitwa Bi Pole kwa kuwa hajawahi kuonekana akikimbia. Siku hiyo aliingia akihema.

Alinusa hewa. "Unataka nini kwa huyu?"

"Ni wangu," friji ilijibu, kwa sauti ya Fundi Saa, ilhali midomo ya Fundi Saa imefumba. "Kila wakitaka kunitoa, yeye hunibakiza. Ameapa."

Bi Pole aliinama. "Kweli umeapa, mwanangu?"

"Nimeapa," alisema Fundi Saa, meno yakigongana.

"Basi ni wewe uliyelikaribisha jini hili. Mimi nitasoma dua, lakini neno la kulikataa litoke kwako. Sema umeshindwa."

"Labda nikipata... koleo ndogo tu..."

"Sema, wewe mwanamume!" muuguzi alipiga kelele.

"Akisema," friji ilinong'ona, sasa kwa sauti ya kitoto, "nitaanza na bibi."

Bibi alikuwa amejikokota hadi mlangoni, ameshika ukuta. "Anza," alisema. "Nina miaka themanini na miguu miwili mibovu. Utanitisha na nini?"

Bi Pole akaanza kusoma. Fundi Saa alilia kama mtoto. "Nimeshindwa," alisema. "Sikuwezi. Nimeshindwa."

Mngurumo ukakatika. Mkono ulitoka mweupe kama chaki. Muuguzi aliutia kwenye maji ya vuguvugu, lakini vidole vitatu havikurudi; hospitali walivikata wiki iliyofuata.

"Limekuachia wewe," Bi Pole alisema akiufunga mlango wa friji kwa kamba. "Humo halijatoka. Iende ikapondwe, na mtu asiifungue."

Asubuhi yake, kabla hawajaenda hospitali, mnunuzi wa vyuma chakavu aliipakia kwenye mkokoteni. Muuguzi alimsindikiza kwa macho kutoka getini. Nyumba ya tatu, jirani ambaye hawakusalimiana naye tangu ugomvi wa mtaro wa maji machafu alimsimamisha, akaifungua kamba na mlango, baridi ikampiga usoni.

"Inagandisha bila umeme, halafu watu wanatupa! Wana pesa za kuchezea hawa."

"Dada, iache!" Muuguzi alikimbia. "Ina jini hiyo!"

"Jini? Roho inakuuma tu naiokota. Ishushe, kaka. Hii naitengeneza."

Akaingiza kichwa ndani kukagua rafu. Muuguzi alipofika, jirani alikuwa amekitoa, kicheko kimemwisha, mkono mmoja umefunika sikio.

"Dada," alinong'ona, "humu ndani kuna mtu. Ameniambia asante."